Gari inapiga misi (silinda haiunguzi mafuta sawasawa) ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta): kabla ya kununua koili, plagi na nozeli mnapima nini kwanza?

#1 MwanaUbungo
Wakuu habarini. Nina Toyota IST ya 1.5 injini 1NZ, ikiwa sailensi na hasa nikiweka D nimekanyaga breki inatetemeka mpaka kioo cha kati hakionyeshi kitu, mshale wa RPM unashuka unapanda, nikikanyaga mafuta inatulia kabisa kama siyo yenyewe. Taa ya cheki injini imewaka. Fundi wa kwanza kasema plagi, nimeweka mpya zote nne, hali ni ileile. Wa pili boneti ndiyo kwanza inafunguka anasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, nikanunue nne. Wa tatu anasema nozeli (zinazopulizia petroli) na pampu ya mafuta. Kila mmoja ana uhakika wake na hakuna hata mmoja aliyeshika kifaa chochote cha kupimia. Sasa swali langu siyo "nibadili nini". Nauliza, mnapima nini kwanza, kwa mpangilio gani, ili nikisimama pale gereji nimwambie fundi anza hapa, halafu hapa, kabla hela haijatoka mfukoni?

#2 Gia_ya_Tano
Mauntingi hiyo mkuu, mpira unaoshikilia injini, ile ya upande wa kulia. Weka N, ikitulia ujue ndiyo yenyewe, usisumbuke na mengine.

#3 Mzee wa Spana
@Gia_ya_Tano taratibu kijana. Mauntingi haiwashi taa ya cheki injini na haichezeshi mshale wa RPM. Mauntingi ikifa gari inatetemeka lakini mshale umetulia tuli. Hapa mshale unacheza, kwa hiyo injini yenyewe ndiyo haizunguki sawasawa, mauntingi hata kama imechoka inaongezea tu mtikisiko.

MwanaUbungo, jambo la kwanza niambie hiyo taa imewaka moja kwa moja au inapepesa? Ikipepesa ni misi kubwa, petroli isiyoungua inaenda kwenye ekzosi na inaunguza katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), usiendeshe hivyo. La pili gari ipimwe kwa mashine, lakini usimamie mwenyewe na uandike namba, usikubali kuambiwa "mashine imesema koili" kwa sababu mashine haisemi koili, inasema silinda fulani haiungui. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304. P0300 misi inazunguka silinda tofauti tofauti. P0171 injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Ukishajua ni silinda moja au zote nne, nusu ya spea unazoambiwa ununue zinajifuta zenyewe.

#4 Kipusa wa Tanga
Ongezea na hili, ni la macho tu halihitaji mashine. Chomoa koili moja moja uangalie ule mpira wake wa chini na kile kishimo plagi inapokaa. Vitz yangu ilikuwa inatetemeka hivihivi, fundi akanipigia hesabu ya koili nne, nikamwambia zichomoe kwanza nione, mbili zimelowa oili chapachapa. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ilikuwa imekauka oili inashuka kwenye vishimo vya plagi, mpira umevimba na kulainika moto unaruka pembeni. Tulibadili gasketi, zile raba za vishimo na mipira ya koili, koili zenyewe ni zilezile hadi leo. Kama uliosha injini kwa presha ya maji karibuni nalo liangalie, maji yanakaa mle ndani hayatoki.

#5 Bwana Sheli
Mnazunguka sana. Mafuta machafu hayo, badilisha sheli unayojaza utaona. Watu wanachanganya petroli na mafuta ya taa bado.

#6 Dereva wa Kimara
@Bwana Sheli enzi zile ungenipata, kabla ya vinasaba (alama inayowekwa kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike) na kabla hawajapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011, hapo mtu alikuwa na faida ya kuchanganya. Na hata kama mafuta ni mabaya yangegusa silinda zote, hayachagui moja. Tusubiri namba.

#7 Bwana Sheli
Mimi nimesema uchafu, sijasema mafuta ya taa peke yake. Maji chini ya tenki nayo ni uchafu.

#8 Dereva wa Kimara
Umesema mafuta ya taa mkuu, rudi #5 usome 😀

#9 MwanaUbungo
Shukrani wote. Nimetoka kupima, imetoa P0302 peke yake. Taa inawaka moja kwa moja, ila nikipanda mlima nimekanyaga sana inapepesa kidogo halafu inaacha. Koili nimezichomoa zote, mipira mikavu na vishimo vikavu, hakuna oili wala maji.

#10 Mzee wa Spana
Safi sana, hapo umeshaokoa hela ya koili tatu. Sasa usinunue hata hiyo moja. Kuna kipimo cha bure hakihitaji chochote zaidi ya spana ya 10 na soketi ya plagi. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mikanda, unahesabu kwenda upande wa giaboksi. Chukua koili ya namba 2 ipeleke namba 3, ya 3 ilete 2. Halafu plagi ya namba 2 ipeleke namba 4, ya 4 ilete 2. Futa kosa kwenye mashine, endesha mpaka taa iwake tena, pima.

Namba ikihamia P0303 koili ndiyo mbovu. Ikihamia P0304 ni plagi, na usishangae hata kama ni mpya, ikianguka kwenye sakafu ile kauri inapata ufa usioonekana. Ikibaki P0302 koili na plagi zote hazina kosa, tunaanza kutafuta upande wa mafuta, hewa au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Zoezi moja majibu matatu. Fundi akikataa kufanya hili akasema "nina uzoefu", funga boneti uondoke.

#11 Rafiki wa Kariakoo
Mzee hapo kwenye plagi ongeza, asome namba. Za Denso zikiishia na 11 ina maana nafasi ya moto, pale cheche inaporuka, ni milimita 1.1. Na kama ni iridiamu asizigongegonge kurekebisha nafasi, ile ncha ni nyembamba kama sindano inakatika. Pia sokoni feki zimejaa, iridiamu ya bei ya kutupa haipo.

#12 Wa Ruiru
Niaje watu wa Bongo. Nasoma kutoka Kenya. Hapo kwa kuchomoa, wengi hapa makanika wanatoa koili yote injini ikiwa inanguruma ili waone silinda gani haina tofauti. Usifanye hivyo boss, ile stima inapiga vibaya na inaweza kuua koili au kompyuta. Chomoa soketi ya nozeli badala yake, moja moja, injini ikiwa sailensi. Silinda nzima ukiikatia mafuta injini inazama. Silinda mbovu ukiikatia haibadiliki kitu. Na kwa kuwa umekata mafuta na siyo moto, hakuna petroli mbichi inaenda kwa katalisti.

Na swali, ulipimia mashine ya aina gani? Maana hizi gari za Japani za miaka ya nyuma soketi iko lakini lugha si ileile. Marekani walilazimisha OBD2 (mfumo wa pamoja wa kupimia gari kwa mashine) tangu 1996, Japani ya kwao imekuja kulazimishwa 2008. Hako kadude ka blutuzi ka bei rahisi mara nyingi hakashiki IST ya 2004, halafu mtu anadhani kompyuta ya gari imekufa.

#13 MwanaUbungo
@Wa Ruiru ni mashine kubwa ya gereji ina menyu ya Toyota Japani, ilishika bila shida.

Nimefanya la #10 kama lilivyo. Nimezungusha koili na plagi, nimefuta kosa, nimekwenda Mbezi na kurudi. Imerudi P0302. Na la #12 pia, soketi ya nozeli namba 2 nikichomoa tofauti ni ndogo sana, nyingine tatu injini inazama vibaya.

#14 Gia_ya_Tano
Basi nozeli. Fundi wa tatu alikuwa sahihi.

#15 Mzee wa Spana
Inaweza kuwa, lakini bado hujapima nozeli, umeondoa koili na plagi tu. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse mwili wa nozeli, mpini weka sikioni, usikilize. Nzima inagonga tik tik tik kwa kasi ileile na jirani zake. Kimya maana yake haipati umeme au imekwama. Halafu zima gari, pima omu (ukinzani wa umeme) kwenye pini zake mbili, nozeli za aina hii zinasoma kati ya 12 na 16. Ukikuta moja iko mbali na wenzake ndiyo hiyo. Ikigonga vizuri na omu ziko sawa bado inaweza kuwa imeziba, hapo hamisha kama ulivyofanya koili, ya 2 iende 3. Ni kazi kidogo, unatoa reli (bomba linalozigawia nozeli petroli) na inabidi uwe na oringi mpya, ila bado ni rahisi kuliko kununua nne.

#16 Kipusa wa Tanga
Swali la haraka, gari ina mfumo wa gesi?

#17 MwanaUbungo
Ndiyo, nimefunga CNG (gesi asilia) mwaka jana, mtungi uko kwenye buti. Misi ipo kwenye gesi na kwenye petroli pia, ila kwenye gesi ni kali zaidi.

#18 Dereva wa Kimara
Eeeeh! Sasa uzi ndiyo unaanza.

#19 Fundi Mtungi
Naomba niingie hapa kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Gari yenye gesi ukiipima kama gari ya petroli tupu utapotea. Kuna vitu vitatu ambavyo fundi wa kawaida havimjii kichwani.

Kwanza waya. Tukifunga gesi tunakata waya wa kila nozeli ya petroli tunapitisha kwenye kompyuta ya gesi, ili gari ikiwa kwenye gesi nozeli za petroli zizimwe. Ile joinisho ikiwa ya kupotosha mkono na kufungwa utepe tu bila kuchomewa risasi (solda), baada ya miezi inaingia kutu, nozeli moja inapata umeme wa kusuasua. Shika ule mkungu wa nyaya karibu na nozeli namba 2 uutikise injini ikiwa sailensi kwenye petroli. Misi ikibadilika umeshapata.

Pili matundu. Kila silinda tunatoboa tundu kwenye manifold (njia ya hewa kwenda kwenye silinda) tunaweka nipo, kijibomba cha kuingizia gesi. Kama manifold ni ya plastiki na nipo haikufungwa kwa gundi inayofaa, inalegea inavuta hewa ya ziada kwenye silinda hiyo moja. Hewa ya ziada inaonekana zaidi sailensi kwa sababu hewa inayoingia ni kidogo, ukikanyaga inamezwa. Si ndiyo hali yako hasa? Chukua chupa ya maji ya kupulizia, piga ukungu kwenye nipo ya 2 na kwenye gasketi ya manifold, sikiliza kama mlio unabadilika. Wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta, inafanya kazi lakini inashika moto, maji yanatosha.

Tatu moto wa plagi. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli, ndiyo maana koili iliyochoka inaanza kukosa kwenye gesi wakati petroli bado iko poa. Ila wewe koili umeshazungusha na kosa halijahama, hilo tuliweke pembeni.

#20 Rafiki wa Kariakoo
@Fundi Mtungi maelezo mazuri ila umeacha la nne na kwangu ndilo la kwanza. Valvu. 1NZ haina tapeti za haidroliki, nafasi ya valvu inapimwa kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia) na kurekebishwa kwa kubadili vikombe vinavyokaa juu ya valvu. Kitabu kinasema milimita 0.15 mpaka 0.25 upande wa kuingiza, 0.25 mpaka 0.35 upande wa ekzosi, injini ikiwa ya baridi. Gesi ni kavu, kiti cha valvu kinaliwa taratibu, valvu inazama juu, ile nafasi inapungua mpaka inaisha, valvu haifungi vizuri. Dalili yake ni misi sailensi ambayo inapotea ukikanyaga, na injini ikipata moto inazidi. Sasa uniambie hiyo haifanani na ya jamaa!

#21 Fundi Mtungi
Mkuu usiwatishe watu na gesi. Mwaka mmoja ni mapema valvu kuliwa kama gari ilifungwa na kupangwa vizuri.

#22 Rafiki wa Kariakoo
Sijasema gesi ni mbaya, hata yangu inatumia. Nasema apime. Na nafasi ilikuwaje siku unafunga, ulipima? Hizi gari zinakuja na kilomita nyingi kutoka Japani, valvu inaweza kuwa ilishafika ukingoni kabla ya gesi.

#23 Wa Ruiru
Kabla ya kufungua tapeti kava pima kompresheni. Geji unakodi kwa makanika. Plagi zote nje, soketi za nozeli zote umechomoa, betri imejaa, mguu chini kwa aksileta mpaka mwisho ndiyo hewa iingie. Kila silinda izunguke sawa. Ikiwa chini kwa silinda moja, weka kijiko cha oili ndani urudie. Ikipanda ni ringi za pistoni. Isipopanda ni valvu, au gasketi ya silinda hedi.

#24 MwanaUbungo
Kompresheni imepimwa leo, nimesimama hapo hapo, mguu kwenye aksileta ulikuwa wangu. 1 imesoma 190, 2 imesoma 165, 3 imesoma 188, 4 imesoma 192, zote psi (kipimo cha presha). Kijiko cha oili kwenye namba 2 hakijabadilisha kitu, imebaki 165.
Halafu kuna hili. Nimetikisa nyaya kama alivyosema Fundi Mtungi, gari ikiwa kwenye petroli, na misi ilibadilika. Siyo kupotea, ilipungua halafu ikarudi. Nipo nimepulizia maji, sikusikia tofauti.

#25 Rafiki wa Kariakoo
165 na oili haipandishi. Valvu. Tofauti kati ya silinda inatakiwa isizidi kilo moja kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 14. Yako inafika 27.

#26 Fundi Mtungi
Na nyaya zimebadilisha misi, hilo unaliweka wapi? Valvu haitikiswi kwa waya.

#27 Tukuyu Mjini
Mimi niko Mbeya, gari yangu 1NZ vilevile, nimepimiwa zote nne ziko 165 mpaka 170 na fundi hapa anasema injini ni nzima. Sasa 165 imekuwaje kosa?

#28 Wa Ruiru
@Tukuyu Mjini ni mwinuko boss. Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kompresheni inasoma chini karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Hata Nairobi ni hivyo. Kwa hivyo 165 zote nne huko kwenu ni injini nzuri, lakini Dar usawa wa bahari silinda moja kuwa 165 na wenzake 190 ni habari nyingine. Usilinganishe namba ya mji na mji, linganisha silinda na silinda za gari moja.

#29 Tukuyu Mjini
Asante sana, nilishaanza kutafuta injini ya mtumba.

#30 Mzee wa Spana
Mimi sikubaliani na haraka ya #25 wala ya #26. Geji ile ya mpira wa kusokota isipokaa vizuri inavuja na inasoma chini. Rudia namba 2 mara nyingine na injini ikiwa ya moto, kisha rudia ya baridi. Valvu iliyobana ikiwa ya moto itasoma chini zaidi. Zikilingana moto na baridi nitaanza kumwamini mtu wa waya. Na pia silinda yenye 165 bado huwa inaunguza mafuta, inakuwa dhaifu kidogo tu, haifiki kutokuungua kabisa. Ndiyo maana nahisi hapo kuna mawili kwa pamoja, valvu imeanza na waya unasuasua juu yake.

#31 Rafiki wa Kariakoo
Mzee, na misi kuwa kali zaidi kwenye gesi? Kwenye gesi ile nozeli ya petroli imezimwa, waya wake hauhusiki. Ingekuwa waya ingekosa petroli tu na gesi ingekuwa safi.

#32 Fundi Mtungi
Siyo lazima. Kompyuta ya gesi inasoma muda wa kufunguka kutoka kwenye waya uleule wa petroli ndipo inahesabu gesi ya silinda hiyo. Joinisho ikiwa mbovu inasoma vibaya, inatoa gesi vibaya. Na nozeli ya gesi ya namba 2 yenyewe bado hamjaigusa, ina uchafu wake.

#33 Bwana Sheli
Na mafuta je?

#34 Dereva wa Kimara
😂😂 Bwana Sheli hachoki. Ila kweli kidogo, gari ya gesi petroli inakaa kwenye tenki muda mrefu bila kutumika, nozeli za petroli zinaganda utando. Wa gesi wengi hawawashi petroli mpaka gesi iishe.

#35 Kipusa wa Tanga
MwanaUbungo ningekuwa mimi ningeanza na la bei ndogo. Zile joinisho nne zichomewe risasi zote na zivalishwe mpira wa kubana, siyo utepe. Futa kosa, endesha kwa petroli tupu, usiguse gesi mpaka ujue. Ikibaki ndiyo ufungue tapeti kava upime kwa fila, gasketi ya kava utabadili hapohapo. Na fundi akipima nafasi za valvu akuandikie zote kwenye karatasi, maana ukija kupima tena miezi ijayo unaona kama inazidi kupungua au imesimama.

#36 MwanaUbungo
Nimeelewa, joinisho zinachomewa Jumamosi na kompresheni ya moto na baridi itarudiwa siku hiyohiyo. Nitaweka namba hapa.

#37 Mama Noah
Samahani kuingilia. Noah yangu AZR60 ile ya D4 nayo inatetemeka sailensi, namba ni P0300, plagi mpya koili mpya zote. Haina gesi. Niende kompresheni au nozeli?

#38 Mzee wa Spana
Mama, D4 ni kitu kingine kabisa. Ile petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti nyuma ya valvu za kuingiza, kwa hiyo haziogeshwi na mafuta, zinajaza kaboni nyeusi ngumu mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Misi inazunguka silinda zote, ndiyo P0300 yako. Kabla ya kompresheni mwambie fundi atoe thiroto (mlango wa hewa ya injini) amulike tochi ndani ya manifold, kama ana kamera ndogo ya waya bora zaidi. Usikubali dawa ya kumwaga kwenye tenki kwa ajili ya hilo, haifiki kule. Fungua uzi wako uandike mwaka wa gari na kilomita, tutakuja.